Waliotufundisha Kufundisha



Muhula uliopita, siku moja kabla ya kufunga shule, wanafunzi wawili wa Kidato cha Nne walinijia katika ofisi ya walimu wakasema, "Mwalimu, tumekuja kukushukuru kwa hesabu ulizotufundisha." Niliwapokea kwa furaha, tukazungumza kidogo habari za mitihani yao. Walipokuwa wakitoka, mmoja aligeuka mlangoni akaniuliza, "Mwalimu, na wewe nani alikufundisha kufundisha?" Nilimjibu upesi kwamba nilisoma chuo cha ualimu huko Korogwe. Akaitikia kwa adabu, akaenda zake.

Nilipobaki peke yangu niliona kwamba sikumjibu sawasawa. Yeye aliuliza nani, nami nikamtajia mahali. Basi nimemwomba Mhariri anipe nafasi katika gazeti hili ili nimpe jibu lake, na pia nieleze jambo ambalo nadhani wanafunzi wengi na hata wazazi hawalijui vema, yaani jinsi mwalimu anavyofundishwa kazi yake, na kwa nini sisi tuliopita katika vyuo vya ualimu tuna deni kwa wale waliotufundisha.

Kwanza yafaa tufahamu kwamba kujua jambo na kulifundisha ni vitu viwili. Kila mmoja wetu asemaye Kiswahili tangu utotoni husema "kitabu kizuri" na "mti mzuri" bila kukosea. Lakini mgeni akikuuliza kwa nini ni "kizuri" hapa na "mzuri" pale, utaanza kukuna kichwa. Lugha unaijua, tena unaijua kuliko yeye atakavyoijua, ila hujawahi kuisimamisha mbele yako ukaitazama jinsi ilivyojengwa. Mwalimu ni mtu aliyelazimika kufanya hivyo kwa kila somo analofundisha. Hapana budi arudi nyuma mpaka mahali pale ambapo yeye mwenyewe alikuwa hajui, asimame hapo pamoja na mtoto, kisha waanze safari pamoja. Kurudi nyuma namna hiyo ni kazi ngumu, na watu wachache huiweza bila kuonyeshwa. Anayeionyesha chuoni huitwa mkufunzi.

Katika mkoa wetu wa Tanga kazi hii ina historia ndefu. Wamisionari wa UMCA walipoanza kazi yao Magila, karibu na Muheza, katika miaka ya 1860, waliona mapema kwamba hawataweza kufundisha watu wote wao wenyewe. Vijana walipelekwa Unguja katika chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, wakajifunza, kisha wakarudi bara kufundisha wenzao. Katika miaka ya 1920 chuo hicho kilihamia Minaki, karibu na Dar es Salaam. Wajerumani nao walifungua shule mjini Tanga mwaka 1892, nayo ikaja kuwa shule ya serikali yenye sifa kubwa. Humo walitoka makarani, wakalimani, na vilevile walimu waliotumwa kufundisha katika shule ndogo za vijijini. Huko Kenya, mwaka 1925, ilifunguliwa Jeanes School, Kabete, ambako walifundishwa walimu wa kutembelea shule za vijiji na kuwasaidia walimu waliokuwa peke yao huko mashambani.

Baada ya Uhuru haja ya walimu ilizidi sana. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Mwezi wa Novemba 1974, huko Musoma, chama cha TANU kiliamua kwamba watoto wote wa umri wa kwenda shule wapate nafasi ifikapo mwaka 1977. Hapo kwanza ilikuwa imekusudiwa kwamba lengo hilo lifikiwe mwaka 1989. Maana yake ni kwamba kazi ya miaka kumi na mitano ilitakiwa kufanywa kwa miaka mitatu. Walimu wangetoka wapi? Vyuo vilivyokuwapo visingetosha. Vijana waliomaliza Darasa la Saba walichaguliwa, wakaanza kufundisha huku wenyewe wakifundishwa kazi, kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa wakufunzi waliozunguka kutoka shule hata shule. Wazee wengi wanaosoma ukurasa huu walijua kusoma kwa mikono ya vijana hao. Tunawasifu, na ni haki yao. Lakini mara chache tunamkumbuka mkufunzi aliyepanda baiskeli akafika jioni katika shule ya kijijini, akaketi na kijana wa miaka kumi na minane, akamwonyesha namna ya kupanga somo la kesho.

Sasa nieleze mambo yanavyokuwa chuoni. Mwanachuo hujifunza masomo yenyewe, yaani hesabu, lugha, sayansi na mengineyo. Hujifunza pia saikolojia, ili ajue mtoto anavyokua na anavyofikiri. Juu ya hayo hujifunza namna ya kufundisha kila somo. Huonyeshwa jinsi ya kuandika azimio la kazi, ambalo ni mpango wa muhula mzima, na andalio la somo, ambalo ni mpango wa kipindi kimoja. Katika andalio huonyesha atakavyoanza, maarifa mapya atakayoyaleta, jinsi atakavyoyaimarisha, na mwishoni atakavyopima kama watoto wamejifunza. Mtu asiyejua kazi hii akiona andalio hudhani ni karatasi za kumridhisha mkaguzi. Ukweli ni kwamba fundi seremala hupima mbao kabla ya kukata, kwa sababu ubao uliokatwa vibaya haurudi. Kipindi kilichoharibika nacho hakirudi, na watoto waliokaa ndani yake hawakuchagua kuwa mbao za kujifunzia.

Kisha yaja mazoezi ya kufundisha. Wanachuo hugawanywa makundi, wakapelekwa katika shule za kweli, kwa watoto wa kweli, na wakufunzi huwafuata huko kuwatazama. Hapo ndipo nilipokutana na jambo ninalotaka kulieleza.

Nilikuwa mwanachuo karibu na mwaka 2000. Kundi letu la watu watano lilipelekwa katika shule moja ya msingi wilayani Handeni. Anayeifahamu njia ya Korogwe kwenda Handeni leo, kilometa zipatazo 65 za lami, hawezi kudhani ilivyokuwa siku zile. Ilikuwa vumbi tupu wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Korogwe tulizoea Mto Pangani, reli iliyofika hapo kutoka Tanga tangu mwaka 1902, na barabara kuu ya kwenda Moshi. Handeni tulikuta nchi kavu, watu wakarimu, na maji ya lambo yaliyochotwa mbali. Mwaka ule mvua zilikuwa haba na mahindi yalikauka shambani kabla ya kubeba. Watoto wengine walikuja shuleni bila kutia kitu tumboni.

Nilipewa hesabu za Darasa la Nne, somo la sehemu. Nilijiona hodari, kwani chuoni nilikuwa miongoni mwa watu wa kwanza katika hesabu. Siku ambayo mkufunzi wetu alikuja kunitazama, nilivaa shati jeupe, nikaandika ubaoni kwa hati nzuri: theluthi moja kujumlisha robo moja. Nikawaeleza watoto kwamba tatu na nne ni asili, na kwamba asili zikiwa mbalimbali hatuwezi kujumlisha mpaka tuzifanye ziwe moja. Tukapata kumi na mbili. Theluthi moja ikawa nne juu ya kumi na mbili, robo ikawa tatu juu ya kumi na mbili, jumla saba juu ya kumi na mbili. Nikafanya mifano mitatu. Watoto wakaifuata katika madaftari yao. Nikauliza kwa sauti kubwa, "Mmeelewa?" Darasa lote likaitika, "Ndiyo, Mwalimu!" Nikamtazama mkufunzi wangu aliyekaa kwenye dawati la nyuma, magoti yake yamekunjwa kwa ufupi wa dawati, nikadhani atatabasamu.

Hakutabasamu. Aliinuka taratibu, akaniomba ruhusa kwa heshima kama kwamba mimi ndiye mkubwa, akawauliza watoto swali moja tu: "Theluthi moja na robo moja, ipi ni kubwa?"

Mikono ikapanda mingi. "Robo!" Akauliza, "Kwa nini?" Mvulana mmoja akajibu bila wasiwasi, "Kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu." Akawaambia wanaokubali wanyoshe mikono. Katika darasa la watoto zaidi ya hamsini, waliobaki bila kunyosha hawakuzidi sita. Watoto wale walikuwa wamepata majibu ya hesabu zangu tatu, lakini walikuwa hawajui theluthi ni nini wala robo ni nini. Walikuwa wamefuata nyayo zangu ubaoni kama mtu afuataye mwenzake gizani.

Mkufunzi aliwashukuru watoto, akaketi. Hakunisahihisha mbele yao. Baada ya kipindi aliniita chini ya mkwaju nyuma ya darasa. Aliniuliza nimefundisha nini. Nikamjibu, "Kujumlisha sehemu." Akaniuliza ni watoto wangapi waliojifunza. Sikuwa na jibu. Akanionyesha karatasi ya alama. Alama yangu ilikuwa ya chini kuliko ya mtu yeyote katika kundi letu.

Hapa naomba wasomaji wanisamehe, kwani nitasema habari ambayo sikuisema kwa miaka mingi. Usiku ule nilikasirika mno. Tulilala chumba kimoja sisi wanaume watatu, ubavuni mwa nyumba ya Mwalimu Mkuu, na mkufunzi alikuwa amelala kwa Mwalimu Mkuu kwa sababu gari la chuo lilikuwa limekwenda shule nyingine. Niliwaambia wenzangu kwamba mzee huyu hapendi vijana wafaulu. Nikaongeza neno baya zaidi. Nikasema, "Huenda anangoja apewe chochote." Madirisha yalikuwa wazi kwa ajili ya joto. Mwenzangu mmoja alinifanyia ishara ninyamaze, lakini neno lilikuwa limekwisha toka.

Asubuhi na mapema mlango uligongwa. Alikuwa yeye. Mkononi alikuwa na kamba tatu za katani, zote za urefu mmoja, na kisu. Alisema, "Mwalimu, una kipindi kile kile leo saa tatu. Lete andalio lako tulitazame." Tukaketi kwenye kizingiti. Alilisoma andalio langu lote, akakata mistari, akaniuliza maswali, wala hakuniambia hata mara moja niandike nini. Kila nilipoandika aliuliza, "Na mtoto atakuwa anafanya nini wakati huo?" Tulimaliza kengele ikilia.

Saa tatu niliingia darasani bila kuandika namba yoyote ubaoni. Nilichukua kamba ya kwanza nikaikata sehemu mbili sawa, ya pili nikaikata sehemu tatu, ya tatu nikaikata sehemu nne. Nikawapa watoto washike kipande kimoja cha kila kamba, wavilinganishe. Darasa likawa na kelele kama soko. Ndipo msichana mmoja aliyeketi karibu na ukuta, ambaye kwa wiki mbili nilikuwa sijamsikia akifungua kinywa, alisema, tena si kwa kunyosha mkono bali kwa kumwambia jirani yake, "Ni kama ugali. Tukiwa wengi, kila mtu hupata kidogo."

Nilimwomba arudie kwa sauti ili wote wasikie. Aliona haya, lakini alirudia. Watoto wakanyamaza, kisha wakaanza kuitikia, "Ndiyo! Ndiyo!" Mwaka ule wa njaa hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Wakila watu wanne chungu kilichokuwa cha watu watatu, fungu la kila mmoja hupungua. Nne ni kubwa kuliko tatu, lakini robo ni ndogo kuliko theluthi. Kisha nikarudi kwenye asili na kiasi, na watoto wakajua wanajumlisha nini.

Nilipotazama nyuma ya darasa, dawati lilikuwa tupu. Gari la chuo lilikuwa limekuja kumchukua katikati ya kipindi, naye alikuwa ametoka kimya kimya ili asinikate kauli. Nilipata alama nzuri katika ukaguzi uliofuata, uliofanywa na mkufunzi mwingine. Lakini huyu wa kamba za katani sikumshukuru, wala sikumwomba radhi. Nilikuwa na haya. Siku ya mahafali nilimwona kwa mbali nikapita njia nyingine.

Sasa nieleze alichonifundisha, kwa sababu shukrani isiyojua inashukuru nini ni maneno matupu.

Kwanza, alinifundisha kwamba swali "Mmeelewa?" halifai kitu. Mtoto mwenye adabu atajibu ndiyo siku zote, maana hapendi kumvunja moyo mwalimu wake, wala hapendi kuonekana mjinga mbele ya wenzake. Swali lifaalo ni lile ambalo mtoto hawezi kulijibu ila awe ameelewa kweli.

Pili, alinifundisha kwamba kosa la mtoto lina sababu. Mvulana aliyesema robo ni kubwa kwa kuwa nne ni kubwa hakuwa mzembe. Alikuwa akitumia kanuni aliyofundishwa tangu Darasa la Kwanza, na iliyomfaa kila siku mpaka siku ile. Vivyo hivyo yule anayejumlisha theluthi na robo akapata mbili juu ya saba anafuata kanuni anayoijua, ila ameipeleka mahali pasipo pake. Mwalimu akimchapa au kumcheka, mtoto atajua tu kwamba amekosa, asijue amepotea wapi. Mwalimu akimuuliza "kwa nini," atapaona mahali penyewe njia zilipoachana.

Tatu, alinifundisha namna ya kumsahihisha mtu bila kumvunjia heshima. Hakunisahihisha mbele ya watoto, kwa kuwa alijua kwamba kesho yake nitasimama tena mbele yao. Alama aliniandikia ya kweli, hakuniongezea hata moja kwa huruma. Lakini alirudi asubuhi na kamba mkononi. Wako wanaoweza kukosoa, na wako wanaoweza kusaidia. Kuyafanya yote mawili kwa mtu mmoja, tena aliyekutukana usiku, ni jambo ambalo sijaliona mara nyingi.

Nilianza kuyatambua haya mwaka 2002, nilipopata kazi yangu ya kwanza. Serikali ilikuwa imefuta ada katika shule za msingi, na wazazi waliokuwa wameshindwa kulipa wakawaleta watoto wao kwa wingi. Nilipewa Darasa la Kwanza lenye watoto zaidi ya mia moja, wengine wameketi chini ya mwembe kwa sababu chumba kilijaa. Siku nyingi nilirudi nyumbani nimechoka hata kula siwezi. Katika hali ile hati nzuri ubaoni haikunisaidia kitu. Kilichonisaidia ni kujiuliza kila jioni swali lile la kizingitini: na mtoto atakuwa anafanya nini wakati huo? Nilikusanya vifuniko vya soda, mawe, vijiti na kamba, nikawagawa watoto makundi, na wale waliokuwa wepesi wakawasaidia wenzao. Si wote waliojua kusoma mwaka ule, na hilo hunisikitisha mpaka leo. Lakini waliojua walikuwa wengi kuliko nilivyotumaini, na sehemu kubwa ya sifa yao ni ya mzee ambaye hakupata kuwaona.

Nina neno pia juu ya namna tunavyoshukuru. Desturi zetu ni nzuri. Mwisho wa masomo huandikwa risala, huimbwa nyimbo, hughaniwa ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizianzisha nchini katika miaka ya 1960 na shule zikazipenda. Mwalimu huvikwa shada, hupewa kanga au kitenge, na akina mama hupiga vigelegele. Haya yote yafaa. Ila risala nyingi nilizozisikia zinafanana, hata ukibadilisha majina ya walimu hakuna atakayejua. "Tunawashukuru kwa malezi bora" ni maneno mema, lakini hayamwambii mwalimu ni lipi katika kazi yake lililofaa, ili aliendeleze. Ukitaka kumshukuru mwalimu wako vema, mtajie jambo moja. Mwambie, "Siku ile uliponirudishia insha yangu na kuniuliza swali hili, ndipo nilipoelewa." Maneno hayo mwalimu atayaweka moyoni mpaka siku ya kustaafu kwake.

Tena tutofautishe shukrani na hongo. Zawadi itolewayo baada ya kazi kwisha, hadharani, na mtu asiyetazamia kitu, ni shukrani. Zawadi itolewayo kabla ya alama kuandikwa, kwa siri, ni hongo hata ikiwa ni kuku mmoja. Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu mimi nilimsingizia mtu mwadilifu jambo hilo kwa ajili ya hasira ya alama. Mwanafunzi anayesema ovyo kwamba mwalimu anataka kitu anaweza kumwondolea heshima ambayo amejijengea kwa miaka mingi. Ukiwa na ushahidi, sema mahali panapohusika. Usipokuwa nao, nyamaza.

Na tusisahau kwamba shukrani ya taifa kwa walimu ina upande wake wa sheria na haki. Tarehe 5 Oktoba 1966, mjini Paris, mashirika ya UNESCO na ILO yalipitisha Mapendekezo juu ya hadhi ya walimu, yanayogusa mafunzo yao, mishahara yao, hali zao za kazi, na wajibu wao kwa wanafunzi. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1994, tarehe 5 Oktoba ni Siku ya Walimu Duniani. Mzazi anayechangia nyumba ya mwalimu kijijini, au anayehudhuria mkutano wa shule hata siku ya shamba, anashukuru kwa matendo. Sisi Watanzania tuna sababu zaidi ya kuliheshimu jina hili. Julius Nyerere alisomea ualimu Makerere toka mwaka 1943 hadi 1945, akafundisha Tabora, na baada ya masomo yake Edinburgh akafundisha Pugu mpaka mwaka 1955, alipoiacha kazi hiyo kwa ajili ya siasa. Alikuja kuwa Rais, lakini taifa zima lilimwita Mwalimu mpaka alipofariki mwaka 1999, na hata sasa.

Sasa nimalize habari yangu. Miaka michache iliyopita nilipata safari ya Korogwe. Niliuliza habari za mkufunzi wangu, nikaambiwa amestaafu na anaishi si mbali na mji, analima. Nilinunua sukari kilo mbili, nikaenda. Nilimkuta amekaa barazani na mjukuu wake, kitabu cha hesabu kimefunguliwa katikati yao.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu, keti."

Nilijitaja jina na mwaka wangu. Hakunikumbuka. Nikamweleza habari za Handeni, theluthi na robo, kamba za katani. Alitikisa kichwa akicheka. "Kamba nilichukua shule nyingi," alisema. Alikuwa ametazama wanachuo wengi mno hata asiweze kumkumbuka mmoja. Ndipo nikajikaza nikamwambia maneno niliyoyasema usiku ule, nikamwomba radhi. Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Maneno hayo niliyasikia. Kama hayakuwa yako yalikuwa ya mwingine, maana kila mwaka niliyasikia. Mtu akiumizwa na alama hulia kwa namna yake. Nimekusamehe, mwanangu." Kisha akaniuliza sasa nafundisha nini na naanzaje somo la aljebra kwa Kidato cha Kwanza. Nikamweleza. Akauliza, "Na mtoto anafanya nini wakati huo?" Mjukuu wake alitutazama asijue tunachekea nini.

Basi mwanangu uliyeniuliza mlangoni, hilo ndilo jibu lako. Alinifundisha mzee mmoja wa Korogwe, kwa siku mbili hasa, kwa kamba tatu na swali moja, na msichana mmoja wa Handeni alimsaidia bila kujua.

Kwenu wanafunzi ambao mwakani mtajaza fomu za kwenda vyuo, wako miongoni mwenu watakaochagua ualimu. Msiuchague kwa kukosa kingine. Mkifika huko, mkufunzi atakayewaandikia alama ya kweli msimkimbie. Kwenu wazazi, mtoto akirudi nyumbani analalamika juu ya mwalimu mkali, msikilizeni, kisha muulizeni pia amejifunza nini kwake. Nanyi walimu wenzangu, ikiwa yuko mtu aliyewashika mkono wakati mlipokuwa hamjui, na bado yu hai, likizo hii inakuja. Nauli ya kwenda kumwona si kubwa, na mimi nilichelewa karibu miaka ishirini.

Nawatakieni nyote likizo njema.